Picha za Kazi Yako Zinapochukuliwa na Wafanyabiashara Mitandaoni: Hukumu Yake na Njia za Kudai Haki



Suali limetufikia kutoka Mvumi, Wilaya ya Chamwino, yapata kilomita 40 kutoka Dodoma mjini. Muulizaji ni mama mzaliwa wa Unguja. Mumewe ni fundi seremala wa milango ya nakshi, kazi aliyoipata kwa wazee wake hapa kisiwani kabla ya kuhamia bara. Tangu Serikali ihamie Dodoma, na mji ule upewe hadhi ya jiji mwaka 2018, watu wanajenga, na mwenye kujenga hupenda mlango wa mbele unaopendeza. Kila mlango unaomalizika hupigwa picha, na mama huziweka Instagram na kwenye status ya WhatsApp. Duka moja la samani mjini limezichukua picha hizo, likakata pembe yenye jina la karakana, likaweka nambari yake ya simu. Mteja mmoja akalipa nusu ya bei, akaletewa mlango wa mbao laini uliopakwa rangi ya mninga, na baada ya miezi miwili ukapinda. Siku alipoiona picha ile ile kwenye ukurasa wa fundi wetu, akamwandikia matusi akidhani yeye ndiye tapeli.

Mama anauliza mambo matatu. Je, picha ni mali hata iwe na mwizi? Je, inajuzu kulitaja duka lile hadharani? Na je, afuate ushauri wa jamaa waliomwambia isomwe Halbadiri?

Tunajibu kwa urefu kuliko kawaida yetu, kwani suali la Mvumi ni suali la majumbani kwetu Unguja na Pemba pia. Wapikaji keki, wachoraji hina, washonaji wa mabaibui na makoti ya harusi, wafumaji kofia na wapambaji kumbi wote huuza kwa picha, na wengi wao ni akina mama wanaofanya kazi ndani ya nyumba zao, ambao picha ndiyo dirisha lao pekee la duka.

Je, picha ni mali?

Wanazuoni wa zamani hawakuijua simu, lakini waliijua manfaa, na waliulizana kama manfaa peke yake ni mali. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i (Rahimahullah), ambayo ndiyo wengi wetu visiwani tunayafuata, manfaa ni mali. Mtu akiipora nyumba yako akaikaa mwaka mzima kisha akairudisha bila hata ufa, bado anadaiwa ujira wa mfano wake, yaani kodi ambayo nyumba kama ile ingelipiwa kwa mwaka. Wanazuoni wa Kihanafi wa mwanzo hawakuona hivyo, na waliokuja baadaye ndio waliovua mali kama ya wakfu na ya yatima. Tofauti hii ya zamani ina uzito mkubwa katika suali letu, kwa sababu anayechukua picha hakukuondolea kitu mkononi. Picha yako bado unayo. Alichokula ni manfaa yake.

Kwa zama hizi jambo limekwisha kuangaliwa na wanazuoni wa madhehebu mbalimbali kwa pamoja. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilikutana Kuwait mwezi Desemba 1988 (Jumada al-Ula 1409) na kutoa uamuzi nambari 43 kuhusu haki za kimaana. Humo liliamua kwamba jina la biashara, alama ya biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki makhsusi za wenyewe, zenye thamani ya mali katika ada za watu wa leo, zinazolindwa na Sharia, na haijuzu kuzivamia. Picha ya kazi ya mtu, iliyopigwa ili imletee wateja, inaingia humo bila taabu.

Hata hivyo neno “mwizi” litumiwe kwa uangalifu. Wizi wenye adhabu maalumu katika fiqhi una masharti yake: mali kuchukuliwa kwa siri kutoka mahali pa hifadhi, na kufikia kiwango. Picha iliyowekwa hadharani haimo katika hifadhi hiyo. Kwa hiyo hili ni shambulio juu ya haki ya mtu na ulaji wa mali kwa batili, jambo ambalo Allah (S.W.) amelikataza katika Suuratun-Nisaa aya ya 29, pale alipoifanya ridhaa ya pande mbili kuwa ndiyo mlango wa kupitia mali. Mkosaji hudaiwa fidia, na kiongozi au hakimu ana uwezo wa kumtia adabu.

Wapo wanaojitetea kwa kusema kwamba picha zenyewe zina khitilafu, hivyo hazina hishima ya kulindwa. Hoja hii ni dhaifu. Khitilafu ya wanazuoni ni juu ya picha za vyenye roho, na Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa na mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi hiyo alimuelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Mlango, keki, kanzu na pambo la ukumbi hazimo katika mgogoro huo. Na mtu anayeona picha ni haramu kabisa, mbona anauzia kwa picha za wenzake?

Dhulma iliyojificha nyuma ya picha

Watu wengi huishia kwa fundi, wakamsahau mnunuzi, ilhali mnunuzi ndiye aliyetoa fedha. Kwa jirani zetu wa Ugogoni, walio wafugaji, mfano ulio karibu zaidi ni ule wa mnyama aliyeachwa makusudi bila kukamuliwa. Katika Hadithi ya Abu Huraira (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alikataza kuwafunga ngamia na mbuzi maziwa yakusanyike kiwele kionekane kimejaa, na akampa aliyenunua kwa kudanganyika khiyari ya kubaki naye au kumrudisha pamoja na pishi ya tende kwa yale maziwa aliyoyakamua. Muuzaji yule pengine hakutamka neno hata moja la uongo. Kiwele ndicho kilichosema. Picha ya mlango wa mninga mbele ya duka linalouza mbao laini ni kiwele cha namna hiyo.

Kwa hiyo mteja yule wa Dodoma ana haki ya kurudisha mlango na kurudishiwa fedha zake, kwa kuwa alipata kitu kisichokuwa na sifa alizooneshwa. Madai hayo ni yake juu ya duka. Fundi wa Mvumi hana deni lolote kwake.

Kuna dhulma ya tatu, nayo ni ya mtu kujivika sifa isiyokuwa yake. Asmaa bint Abi Bakr (R.A.) amepokea Hadithi ambayo Mtume (S.A.W.) amemfananisha anayejionesha kuwa na alichokuwa hakupewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Na katika Suuratu Aal-Imraan aya ya 188 wametajwa kwa kukemewa wale wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Fundi aliyelala saa nne usiku akichonga ua moja la mlango anaumia kwa hili pengine zaidi kuliko anavyoumia kwa fedha, na tusimwambie kwamba anajikweza. Sifa ya kazi ni sehemu ya riziki yake.

Picha ni ya nani hasa?

Kabla ya kudai, mtu ajiulize anadai nini. Katika picha moja zinaweza kukutana haki tatu. Ipo haki ya aliyepiga picha. Kisheria, picha ni kazi ya mpigaji, na hii ni kweli hata kama kilichopigwa ni mlango ulioutengeneza wewe. Kama mteja wako alipiga picha akakutumia, au ulimwita mpiga picha wa harusi akakupa chache, basi umepewa ruhusa ya kuzitumia tu, na anayestahiki kulalamika kwa ajili ya picha yenyewe ni yeye. Muombeni akuandikieni ruhusa, au mshirikiane katika madai. Ipo pia haki ya fundi juu ya ubunifu wake uliomo ndani ya picha. Na ipo haki ya mtu aliyeonekana, ambayo kwetu sisi ni nzito kuliko zote.

Mikono ya bi harusi yenye piko na hina ni mwili wa mtu. Alikubali picha yake ikae kwenye ukurasa wa mchoraji wake, na pengine hata hilo hakuulizwa. Ikichukuliwa na saluni ya mji mwengine, iliyodhulumiwa hapo si kazi peke yake bali ni sitara. Kwa hili sheria nazo zimeanza kuwa kali. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Kenya iliiamuru Machakos University kumlipa mwanafunzi wake wa zamani shilingi 700,000 za Kenya kwa kutumia picha yake kujitangazia bila ya ridhaa yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Nasaha yetu kwa wachoraji hina: piga picha ya mkono bila uso, bila pete wala alama ya kumtambulisha mtu, muulize kwanza, na akikataa usimbembeleze.

Ama nakshi zenyewe za kale, hapa tunatofautiana na baadhi ya mafundi wetu. Ua la yungiyungi, mnyororo wa pembezoni na misumari ya shaba ya milango ya Mji Mkongwe, mji ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, havina mwenyewe mmoja. Fundi wa Dodoma au wa Mombasa akiuangalia mlango wako akachonga unaofanana nao kwa mikono yake, hakukuibia. Ndivyo ufundi unavyosafiri, na ndivyo ulivyotufikia sisi kutoka Bara Hindi na Uarabuni. Ni vibaya pia mtu mmoja kujimilikisha cha wote. Wasomaji wanakumbuka namna kampuni moja ya Uingereza ilivyotaka kusajili neno “Kikoy” kuwa alama yake ya biashara, watu wa Kenya wakapinga, na ombi likashindwa. Linalokatazwa ni kuichukua picha ya mlango wako na kusema “huu tumechonga sisi”.

Namna ya kudai

Mtume (S.A.W.) ameweka mzigo wa ushahidi juu ya mwenye kudai, na kiapo juu ya mwenye kukanusha. Basi anza na ushahidi, kabla hujamwandikia mtu neno. Piga skrinishoti ya tangazo lao ikionesha jina la akaunti, tarehe, nambari ya simu na maneno waliyoyaandika. Nakili linki ya tangazo lenyewe. Halafu itafute picha yako ya asili ilipo ndani ya simu au kamera, na usiifute, hata simu ikijaa. Picha iliyopita WhatsApp hubanwa na hupoteza taarifa za ndani kama vile tarehe na aina ya kamera, kwa hiyo nakala uliyotumiana na watu haina nguvu kama ile ya mwanzo. Weka pia risiti ya mbao, mazungumzo na mteja uliyemtengenezea, na picha za mlango ukiwa haujamalizika. Mwenye kuiba picha ya mlango uliokwisha hana picha ya gogo. Ukitaka kujua kama imesambaa zaidi, Google Lens na TinEye hutafuta picha kwa picha bila malipo.

Ukishakusanya, mwandikie mwenye duka. Tunasisitiza mwenye duka, kwa sababu kurasa nyingi za biashara huendeshwa na vijana walioajiriwa ambao huokota picha popote, na tajiri hana khabari. Sema kwa adabu: picha hii ni yangu, niliipiga tarehe fulani, mlango huu uko nyumba fulani, naomba uiondoe ndani ya siku tatu, uwaarifu wateja waliokuja kwa ajili yake, na unilipe kwa muda ulioitumia. Usitukane wala usitishie. Barua hiyo huenda ikasomwa na hakimu baadaye, na mtu asiyetukana huaminiwa.

Kiasi cha kudai ni ule ujira wa mfano tulioutaja: waulize wapiga picha wawili watatu wa pale mjini wangetoza kiasi gani kwa picha ya tangazo kama ile. Ukiwa umepoteza mteja na unao ushahidi, ongeza hasara hiyo. Usiongeze hasara ya kubuni, kwani ukifanya hivyo wewe nawe utakuwa unaomba mali kwa batili. Wakikubali sulhu, sulhu ni kheri. Unaweza kupokea fedha, au kupokea neno lao la kusahihisha hadharani, au hata kuafikiana kwamba milango ya nakshi watakuagizia wewe kwa bei mtakayokubaliana. Katika khitilafu za mafundi na maduka tulizozisuluhisha, hili la mwisho ndilo lililodumu zaidi.

Wakikaa kimya, ziambie Instagram na Facebook zenyewe. Kampuni hizi ni za Marekani na zinafuata sheria ya huko ya mwaka 1998 inayojulikana kwa kifupi DMCA, ambayo inawataka waiondoe kazi ya mtu pindi mwenyewe akilalamika kwa utaratibu. Fomu iko katika sehemu yao ya msaada, haina ada, na utaombwa linki ya tangazo lao, linki au nakala ya picha yako, na tamko lako. Tamko hilo lichukuliwe kwa uzito wa ushahidi. Unasema, chini ya hatia ya kusema uongo, kwamba wewe ndiye mwenye haki au umepewa idhini naye. Ndiyo maana tulitangulia kuuliza picha ni ya nani. Na akina mama wazingatie kwamba jina na barua pepe ya mlalamikaji huweza kupelekwa kwa anayelalamikiwa. Fungua barua pepe ya biashara kwa kazi hii, usitumie yako ya faragha.

Baada ya hapo kuna dola. Bara inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki nambari 7 ya mwaka 1999, na ofisi yake ni COSOTA. Zanzibar ina sheria yake, nambari 14 ya mwaka 2003, na ofisi yake ni COSOZA. Watu huchanganya mbili hizi, kisha wakaenda na kurudishwa. Fundi wa Mvumi aende COSOTA. Msomaji wa Wete au Mwanakwerekwe aende COSOZA. Haki huzaliwa na kazi yenyewe na wala haisubiri kusajiliwa, ila usajili husaidia katika kuthibitisha. Tanzania imo pia katika Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, kwa hiyo duka likiwa Mombasa, Muscat au London, haki yako haiishii mpakani. Juu ya hayo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inakataza kifungu cha 24 kuvunja hakimiliki kwa njia ya kompyuta. Mteja aliyedanganywa kule Bara anayo Tume ya Ushindani, chini ya sheria nambari 8 ya mwaka 2003, inayokataza matangazo ya kupotosha.

Wengine hutujia wakitaka waelekezwe Mahakama ya Kadhi. Kadhi kwa sheria ya Zanzibar ya mwaka 2017 ana ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mfano wa hayo. Hakimiliki si katika mamlaka yake. Anaweza kukusuluhisheni kama mzee na mwanazuoni, lakini hukumu ya kufuatiliwa itatoka katika mahakama za kawaida, na hakuna ubaya kwa Muislamu kuomba haki yake ya kweli huko.

Je, watu wadogo hushinda? Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni ya simu kuwalipa wasanii AY na Mwana FA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kuzitumia nyimbo zao katika miito ya simu bila idhini. Hatuingii hapa katika hukumu ya nyimbo zenyewe. Tunalotaka msomaji alione ni kwamba mahakama za nchi hii huzisikiliza kesi za aina hii, na pia kwamba shauri lile lilipanda hadi mahakama za juu na kula miaka. Kwa mlango mmoja, anza na barua.

Kuwataja hadharani

Kusengenya ni haramu, na aliyedhulumiwa amefunguliwa mlango. Katika Suuratun-Nisaa aya ya 148 Allah (S.W.) ameeleza kutopenda kwake maneno mabaya ya kudhihirisha, akamvua aliyedhulumiwa. Imamu An-Nawawi katika Riyadhus-Swalihiin ametaja hali sita zinazoruhusu kumsema mtu asiyekuwepo, na mbili kati yake zinatuhusu: kushitaki dhulma kwa mwenye uwezo wa kuiondoa, na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Hoja ya hili ni Hind bint Utba, aliyemshitakia Mtume (S.A.W.) uchache wa matumizi anayopewa na mumewe, wala Mtume hakumkemea kwa kumtaja.

Kwa hiyo tunaona inajuzu kwa mama wa Mvumi kuziweka picha mbili pamoja, ile yake na ile ya duka, na kuandika: picha hii ni ya kazi yetu, imetumiwa bila idhini, sisi hatuna tawi wala wakala mjini. Baada ya kuwaandikia na kukataa, anaweza kulitaja jina la duka, kwa kuwa watu wanaendelea kupoteza fedha zao. Akomee hapo. Asimtaje mke wa mwenye duka, wala kabila lake, wala asiseme “matapeli wakubwa hawa wameua biashara za watu wengi” kwa jambo asilolijua. Sheria ile ile ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na tumewaona waliodhulumiwa wakageuka washitakiwa kwa sababu ya sentensi moja ya ziada iliyoandikwa usiku wakiwa na hasira. Na siku duka likiiondoa picha na kulipa, naye aliondoe tangazo lake.

Wapo vijana wanaopendekeza kuidukua akaunti ya mkosaji, au kumwagizia bidhaa za uongo mpaka achoke. Hayo hayajuzu. Ni kweli kwamba wanazuoni wa Kishafi'i wana mlango wa mwenye haki kujichukulia haki yake aliyonyimwa, lakini mlango huo ni wa kuchukua kilicho chako kwa kiasi chake. Kuharibu cha mwenzako hakumo.

Kuhusu Halbadiri, wazee wetu wengi wameisoma, na wanazuoni wa visiwani wanatofautiana juu yake. Rai yetu ni kwamba isifanywe silaha ya kukodiwa katika khitilafu za kibiashara. Mara nyingi huitishwa kabla mdai hajatuma hata ujumbe mmoja, fedha nyingi hutolewa kwa wasomaji, na fitina huingia mtaani kila mtu anapoanza kuangalia nani ameumwa. Aliyedhulumiwa anayo dua yake mwenyewe, aliyoitajia Mtume (S.A.W.) hadhi yake alipompeleka Muadh (R.A.) Yemen. Aiombe katika sijda yake, bila malipo.

Na sisi wenyewe?

Hatuwezi kulifunga suali hili bila kugeukia kurasa za ndugu zetu, kwani malalamiko tunayoyapokea ya kuibiwa picha hayafiki nusu ya picha za watu wengine tunazoziona kwenye kurasa za Waislamu. Dada anauza mabaibui kwa picha za maduka ya Dubai. Anayeanza kupika keki anaweka keki ya mtu wa Uturuki na kuandika “karibuni tuwahudumie”. Wengi hawana nia mbaya, wanasema “ni mfano tu”. Lakini mnunuzi hakuambiwa kuwa ni mfano.

Ikiwa unauza kwa niaba ya duka la Dubai, na wamekuruhusu, wewe ni wakala: sema hivyo, na sema ujira wako uko wapi. Ikiwa unapokea oda ya kitu cha kutengenezwa, eleza sifa zake kwa maneno, kitambaa gani, urefu gani, siku gani, na chini ya picha andika wazi kwamba kazi hii si yako na ya kwako itakaribia vipi. Tena omba idhini ya mwenye picha, maana kuandika “sio yangu” hakukupi haki ya kuitumia kibiashara. Ama kuweka picha ya kitu maalumu usichokimiliki, kupokea fedha, kisha kwenda kukitafuta Kariakoo au Darajani, hilo limo katika lile Mtume (S.A.W.) alilomkataza Hakim bin Hizam (R.A.) alipomuuliza juu ya mtu anayemtaka amuuzie kitu asichokuwa nacho. Keki yako ya mwanzo iliyoegemea upande, ukiipiga picha mwenyewe, ina baraka kuliko ya ghorofa tano ya mtu mwengine.

Aliyekwisha kufanya hivyo azifute picha hizo leo, amwandikie mwenyewe kuomba msamaha akiweza kumjua, na aliyepata fedha kwa kumpotosha mnunuzi amrudishie khiyari yake. Mtume (S.A.W.) amemhimiza aliyemdhulumu ndugu yake, katika hishima au kitu chochote, ajitoe katika deni hilo kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirham.

Limebaki la yule mteja aliyemtukana fundi. Asijibiwe kwa matusi, kwani naye kadhulumiwa. Fundi amwite karakanani Mvumi, amuoneshe picha za mlango ule tangu ubao wa kwanza, na amwandikie maelezo yenye tarehe na saini, mbele ya mtendaji wa kijiji, kwamba mlango wa kwenye picha ni kazi yake na hakuhusika na uliouzwa na duka. Mteja atayahitaji maelezo hayo katika kudai fedha zake, na ushahidi ukiombwa haufai kufichwa, kama tunavyofunzwa katika Suuratul-Baqarah aya ya 283.

Wallahu a'lam.